Hii Si ya Faili

2 Februari

Fundi wangu,

Hujambo? Mimi mzima, vidole vyote kumi vipo, nimevitazama kabla ya kushika kalamu. Kwa kazi yangu hiyo ndiyo salamu ya kwanza.

Jana nilikwenda ofisi ya uhamiaji. Afisa ni mtu wa miwani, mtaratibu, anaongea na wewe kama anamsomea mtoto hadithi. Amenieleza hivi. Mimi ndiye mdhamini wako. Mdhamini lazima athibitishe kipato: hati za mshahara za mwaka mzima, kazi moja, mwajiri mmoja, bila mwezi hata mmoja kukatika. Nikiacha au nikifukuzwa, naanza upya. Mshahara wangu mtupu haufikii kiwango chao. Zamu za Jumamosi na Jumapili ndizo zinazonivusha, na zinanivusha kwa unywele. Miezi mitano ninayo tayari, imebaki saba.

La pili, kati yetu asiwepo mwenye kesi polisi. Wanataka cheti changu cha huku na chako cha huko. La tatu, barua zetu nazo zinaingia kwenye faili ili waone ndoa ni ya kweli. Kwa hiyo andika vizuri, mke wangu, kuna mtu atazisoma.

Kazi ya machinjio ni ile ile. Mimi niko upande wa kuchuna. Ng'ombe wanakuja wananing'inia kwa mguu mmoja, wamekwisha kukatwa koo, lakini wako ambao wanafika kwangu bado wanarusha mateke. Mchana viatu vya mpira vimejaa damu na soksi zinalia ukitembea. Anayegawa zamu za wikendi ni nyapara wetu. Ni mkali kidogo, lakini tunaelewana.

Mbona simu yako haipatikani wiki nzima? Msalimie mama. Kaka mwambie nashukuru anavyokutunza.

Mumeo,
Mrefu


21 Februari

Mrefu,

Kwanza nimsalimie Bwana Afisa. Shikamoo, Bwana Afisa wa miwani. Mimi ndiye mke mwenyewe. Ndoa yetu ni ya kweli kabisa. Huyu mwanamume anakoroma, na siku ya harusi alinikanyaga vidole mbele ya wazazi wote. Ingekuwa ndoa ya kutengeneza ningechagua mfupi.

Sasa wewe. Simu ilianguka kwenye beseni la kufulia, basi tena. Itabidi tuandikiane kama watu wa zamani. Barua yako imenifikia bahasha ikiwa wazi, labda gundi ya huko ni mbovu.

Kazi ninayo. Nashona sare za shule hapa chumba cha mbele, na mama anakaa na mimi tangu asubuhi, yeye ndiye wa kupiga pasi. Ile pasi yake ya mkaa haiachi hata kwa dawa. Haongei sana, unamjua. Anapuliza majivu, ananyoosha kola, anakunja.

Mwezi huu nyumba ina upepo sana. Umevunja sahani nne na kioo cha mlango wa nyuma. Kaka yako anasema ukinichukua, nani atabaki na mama. Nilimwambia yeye si yupo? Hakupenda nilivyojibu.

Wewe kula vizuri. Na huyo nyapara mkali kidogo, ukali wake unaanzia wapi na unaishia wapi?

Mkeo,
Fundi


14 Machi

Mdogo wangu,

Pesa uliyotuma imefika, ingawa safari hii umetupunja. Mama hajambo. Mimi sijambo, ila presha.

Nimeona nikuandikie mwenyewe usije ukasikia pembeni. Mkeo ana mdomo. Tangu asikie habari za ndege hasikii tena jambo lingine. Hela za ushonaji anaficha, anakula kwangu, analala kwangu, na nikiuliza ananijibu kama mtu wa rika lake. Nimelazimika kumkanya. Baba alipotutoka wewe ulikuwa huna suruali ya pili, nikakulea kwa mkono huu huu, na si umenyooka? Huyu naye atanyooka.

Hilo la kumchukua lifikirie tena. Watu wakishaenda huko wote wawili, nyumbani hawatumi hata salamu. Wewe tuma, mimi nalinda.

Kaka yako mkubwa


2 Aprili

Fundi wangu,

Kaka ameniandikia. Anasema una mdomo. Hilo silibishi, nilikuoa nao. Lakini kwa hii miezi iliyobaki nakuomba umeze. Kaka ni mkali, mkanda wake nimeula tangu darasa la pili, na hajaniua. Pale ndipo nyumbani, huna pengine pa kukaa mpaka karatasi zikamilike.

Huku pia watu wanameza. Kuna mwenzetu mmoja juzi aliangusha ngozi sakafuni. Nyapara akampiga mdomoni kwa kichwa cha bomba la maji, kile cha chuma, mbele ya watu. Jino likatoka, likaenda na mfereji wa damu. Mwenzetu akasuuza mdomo, akashika kisu, akaendelea kuchuna. Ana mke anamngoja, na nyapara ndiye anayeandika majina ya wikendi. Nakwambia haya ili uone kwamba hauko peke yako.

Picha yangu nimeshapeleka pamoja na fomu. Wewe peleka yako ubalozini wiki hii, tusicheleweshe.

Mumeo,
Mrefu


19 Aprili

Mrefu,

Nimemeza.

Picha nimepeleka. Huyo mwenzenu mwambie asukutue kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, fizi isije ikaoza. Halafu niambie, ana urefu gani?

Kuanzia sasa niandikie kupitia duka la vitambaa la pale kona. Mwenye duka ni mama mtu mzima, barua ya mtu haifungui.

Fundi


17 Mei

Ndugu Mdhamini,
Nakala: Mwombaji

Hati zako za mshahara zimepokelewa. Endelea kuleta zilizobaki kila mwezi bila kukatika.

Picha zenu hazikubaliki. Picha ya mdhamini na picha ya mwombaji zimekatwa kutoka picha moja. Katika picha ya mdhamini kuna mkono wa mtu mwingine begani. Katika picha ya mwombaji mkono huo umeishia kwenye kiwiko. Zikiwekwa pamoja zinaungana.

Leteni picha mpya, zisizozidi siku thelathini, uso wazi, bila poda, bila miwani, bila kitambaa kichwani. Kila mmoja atathibitisha picha ya mwenzake kwa kuandika nyuma, kwa mkono wake: "Nathibitisha kuwa huyu ni mke wangu" au "mume wangu", kisha atie saini. Picha zilizothibitishwa ziletwe na mdhamini.

Afisa wa Faili


25 Mei

Fundi,

Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta, halafu nikakasirika. Picha ya harusi! Mpiga picha si yuko mtaa wa pili? Mtu mzima unachukua mkasi unajikata kwenye harusi yako mwenyewe!

Mimi kukata yangu nina sababu. Zamu zimenibana, nikitoka maduka yamefungwa. Wewe sababu yako ni ipi?

Piga haraka unitumie. Na mimi napiga.

Mrefu


25 Mei

Mrefu,

Yaani wewe mwenye mshahara umeshindwa kumlipa mpiga picha, ukaenda kuniondoa mimi kwa mkasi? Mkono wangu nikauacha begani kwako kama wa mzimu! Bwana Afisa ametuona wajinga wawili, na tunastahili.

Mimi? Mimi nilikuwa na jipu shavuni. Nilingoja lipone, halikupona.

Sasa itabidi. Ngoja.

Fundi


14 Juni

HII SI YA FAILI

Mume wangu,

Ndani kuna picha. Kaa chini kwanza.

Nilikuwa nangoja uso utulie. Kila ukikaribia kutulia, anaongeza. Nikaona siku zinakwisha, nikaenda hivyo hivyo. Mpiga picha akaniuliza kwa upole kama nataka kurudi wiki ijayo. Nikamwambia wiki ijayo itakuwa jicho lingine.

Upepo ulikuwa kaka yako. Simu haikuanguka, aliikanyaga kwa kisigino mkono wangu ukiwa bado umeishika. Kidole cha shahada hakikunji tena, kitambaa nakisukuma kwa cha kati. Sahani alizivunjia mgongoni kwangu. Kioo ni kichwa changu.

Jumapili iliyopita alinikamata nywele akaniburuta kutoka kwenye cherehani mpaka uani, mchana, jua linawaka, majirani wanaanika nguo. Alinipiga kwa mguu wa kiti. Anapiga huku anauliza pesa iko wapi, lakini hata kujibu hakupi nafasi. Nilitema damu kwenye sare ya mtoto wa watu. Nimeifua mara tatu, doa limegoma. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na pasi mkononi, anaangalia.

Polisi nilikwenda. Waliniambia hayo ni mambo ya kifamilia, yamalizeni nyumbani.

Uliponiandikia nimeze, nilikuchukia. Nililala nakuchukia, nikaamka nakuchukia. Halafu nikakumbuka kwamba hujui. Sasa unajua, na nisikilize vizuri: usije. Ukija umeacha kazi, na miezi yote imekufa. Ukimgusa ni kesi, na kesi inafunga mlango, na mimi mlango wa kutokea ninao huu mmoja tu. Nitakaa hapa mpaka hati ya mwisho. Naweza. Ila siwezi kuanza mwezi wa kwanza tena, hiyo siwezi, nitakufa.

Andika nyuma ya picha wanavyotaka. Huyo ndiye mke wako.

Fundi


15 Juni

Fundi wangu,

Hii usiichanganye na zile barua nyingine, afisa asiione.

Usishtuke. Mtu wa kwenye picha niliyoitia humu ni mimi.

Yule mwenzetu aliyetolewa jino ni mimi. Najua ulijua. Sikio ni la mwezi wa tano. Nilichelewa kusogea, nyapara akanivuta kwa kulabu ya nyama. Alilenga kola akapata sikio, na alipoona amepata sikio hakuachia, aliendelea kuvuta. Nusu ya chini haipo. Alilitikisa kwenye kulabu akawauliza wenzangu nani anataka kipande cha bei rahisi. Wakacheka. Siwalaumu, na wao wanataka wikendi. Nilifunga kitambaa nikamaliza zamu. Pua ni ya kabla ya hapo, teke tu.

Kisu changu nakinoa mwenyewe. Nyapara akipita nyuma yangu nakiweka mezani haraka, nauogopa mkono wangu. Kila shingo inayonijia naiona ni yake. Siku moja nilimchoma ng'ombe ambaye amekwisha kufa, mara nyingi, mpaka mtu akanishika bega.

Sikutaka ujue. Ungeniambia niache kazi, na mimi ningekusikiliza, na tungeanza upya. Basi nikachukua mkasi nikakata picha ya harusi, nikajua nimemaliza. Wewe na jipu lako sijui ulikuwa unawaza nini.

Tuma picha yako. Nataka kuona uso mzima wa mtu mmoja katika maisha haya.

Mrefu


2 Julai

Kaka,

Sikusalimii.

Leo nimeandika nyuma ya picha kwamba nathibitisha kuwa huyu ni mke wangu. Nimeandika mara mbili, kwa sababu ya kwanza kalamu ilitoboa karatasi ikatokea kwenye jicho lake, lile lililobaki zima. Mpiga picha alimpa nakala mbili, ni bahati.

Kazi yangu ni kuchuna. Najua ngozi inashikia wapi na inaachia wapi, na najua mnyama anaweza kuchunwa kiasi gani kabla hajafa, kwa sababu wengine wanafika kwangu hawajafa. Mguse tena. Mguse kwa kidole tu, nije. Nauli nimeshauliza.

Mdogo wako uliyemnyoosha


3 Julai

HII SI YA FAILI

Mrefu wangu,

Sikio lako! Lile nililokuwa nalishika nikitaka uamke!

Nimeandika nyuma ya picha: nathibitisha kuwa huyu ni mume wangu. Nikaongeza neno moja la kumhusu nyapara, halafu nikalikwangua kwa wembe, maana Bwana Afisa angelisoma. Picha nimeitia humu, saini ipo.

Nilimwonyesha mama. Alikaa nayo mapajani mpaka mkaa ukafa ndani ya pasi, na yeye hajawahi kuacha mkaa ufe. Akauliza, huyu naye nani kampiga? Nikamwambia. Akasema, wanangu wawili, mmoja anapiga na mmoja anapigwa, na mimi nanyoosha kola. Kisha akaenda kuchukua mkaa mwingine.

Wewe sasa fanya ninavyokwambia. Zimebaki hati mbili. Akikupiga, anguka. Ukiwa chini hana raha ya kukupiga, wako wa aina hiyo, nimejifunza. Kisu kiweke mbali. Na tafadhali, tafadhali, kaka yako usimwandikie neno. Ukimwandikia mtakuwa mnajibizana juu ya mwili wangu.

Nina hasira mpaka meno yanauma. Huyo nyapara ningempata hapa chumba cha mbele, dakika tu.

Fundi


22 Julai

Mdogo wangu,

Mwandiko uvumilie, natumia mkono wa kushoto.

Barua yako ya matusi niliisoma nikampelekea mkeo majibu yake. Shetani huyo amenichoma kwa pasi ya moto. Kiganja chote cha kulia kimeondoka, kilibandika kwenye chuma. Kisha akanirudia shavuni. Nikicheka panapasuka, ingawa sina la kuchekea. Mimi niliyekulisha!

Kesho asubuhi nakwenda polisi. Ushahidi ninao usoni. Akishaandikwa kesi hana cheti, na asipokuwa na cheti hana ndege, na hizo hati zako za mshahara utafungia vitumbua. Kama una akili niandikie haraka kwamba mambo ya safari yamekwisha, abaki hapa, alipe kwa cherehani yake, na mimi nitanyamaza.

Kaka yako mkubwa


1 Agosti

HII SI YA FAILI

Mwanangu,

Mkeo ndiye amenifundisha kuandika hayo maneno ya juu. Mimi si mtu wa barua, mwandiko wangu ni wa shule za zamani, soma taratibu.

Kaka yako aliingia chumba cha mbele ameshika barua yako, na mkanda ameuzungusha kwenye ngumi, chuma chake kikiwa nje. Wa kwanza alimpiga shingoni. Wa pili machoni. Kisha akamlaza kichwa juu ya meza ya cherehani, akamkandamiza, akaanza kuzungusha gurudumu kwa mkono, anamwambia nitakushona huo mdomo. Sindano ilipita shavuni ikatokea ndani. Nilisikia ikigonga jino.

Mkeo akapapasa nyuma bila kuona. Akaikuta pasi yangu, mkaa umeiva. Akampiga nayo. Alijikinga kwa kiganja, kiganja kikaungua, akaacha ngozi kwenye chuma. Alipomwinamia tena, mkeo akamwekea shavuni, akashikilia. Mimi nilikuwa palepale. Nilisikia harufu ya mwanangu anaungua na sikusogea. Miezi yote alipokuwa anampiga mkeo sikusogea, na siku hiyo niliona si haki nianze kusogea.

Asubuhi nilimtangulia kituoni. Yeye alikuwa bado anatafuta mtu wa kumfunga mkono. Niliweka pasi juu ya meza yao, nikasema nimemchoma mwanangu wa kwanza, niandikeni. Askari akauliza kwa nini, mama? Nikamwambia nimemzaa mwenyewe. Akaandika. Kaka yako alipofika akapiga kelele kwamba si mama, ni shemeji yangu! Askari akamtazama na bandeji zake, akanitazama mimi na fimbo yangu. Akamwambia, mzee, mama yako amekiri hapa kwa mdomo wake, wewe unataka kumfanya mwongo? Wakacheka wote. Wakasema hayo ni mambo ya kifamilia, yamalizeni nyumbani. Pasi wakanirudishia, wakasema hapa hatuna nguo za kunyoosha.

Kwa hiyo kwenye karatasi za polisi aliyemchoma ni mimi. Jina la mkeo halipo. Wangenifunga, wangenifunga tu. Mimi siombi kwenda popote.

Mkeo yuko kwa mwenye duka la vitambaa na cherehani yake. Mkokoteni niliusukuma nyuma mimi mwenyewe. Shavu linapona, anakunywa uji kwa upande. Mimi nimerudi nyumbani kwangu, ni nyumba ya baba yako, sihami. Kaka yako siku hizi ananisalimia tangu getini.

Wewe leta hizo hati zako.

Mama yako


3 Septemba

HII SI YA FAILI

Fundi wangu,

Ya mwisho imetoka. Mwaka umetimia, hakuna mwezi uliokatika, na kiwango nimekivuka. Afisa alizipanga mezani moja moja, akapiga mhuri. Picha zetu alizitazama sana. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena. Akasema tu, "Safari hii hazijakatwa."

Ilibaki barua ya mwajiri. Ofisi ya mishahara waliichapa, lakini zamu za wikendi lazima nyapara azithibitishe kwa saini. Nilimfuata sakafuni. Akaniambia piga magoti. Nikapiga magoti, mfereji wa damu unanipita chini ya mapaja. Akaweka kiatu begani kwangu, karatasi akaiweka kichwani kwangu, akasaini hapo kama juu ya meza. Halafu akanipiga teke la mbavu kwa kusherehekea. Nilianguka kama ulivyonifundisha. Barua ina doa pembeni. Afisa akauliza ni nini, nikamwambia ni kazi ninayoifanya.

Nimevumilia kwa sababu yako. Lakini siku utakayokanyaga huku, sababu imekwisha. Kuna kisu kimoja nimekitenga, sikitumii kwa ng'ombe. Nakinoa kila Jumamosi mbele yake na hajui. Niache nikwambie ukweli, nakiwaza hicho kuliko ninavyokuwaza wewe, na hilo linanitisha.

Mumeo,
Mrefu


20 Oktoba

HII SI YA FAILI

Mrefu wangu,

Imetoka! Cheti cha polisi safi, viza imebandikwa kwenye pasipoti, na picha ndiyo ile ile, jicho moja limevimba. Mtu wa ubalozini aliitazama, akanitazama na shimo langu la shavuni, akasema karibu, mama. Nilitoka nje nikalia barabarani mpaka watu wakanipisha.

Nafika Jumatano ya wiki ijayo. Usije kunipokea na maua, njoo na koti.

Sasa kuhusu kisu. Kirudishe kwenye kazi yake. Nimeuliza, wameniambia wazi: hata nikishafika bado wewe ni mdhamini wangu mpaka kibali cha pili, na kazi yako wataendelea kuiangalia. Ukimkata huyo mtu wewe unafungwa, na mimi narudishwa kwa kaka yako. Kwa hiyo nyapara ataishi, na wewe utamwita bosi, na utaanguka akikupiga. Umenielewa? Nataka unijibu kwa mdomo uwanja wa ndege, kabla sijakukumbatia.

Nitakachofanya mimi ni kukuletea chakula kazini siku ya kwanza, kama mke yeyote. Wewe usiseme kitu. Nionyeshe tu kwa kidevu ni yupi.

Mama amenifungia sanduku mwenyewe. Pasi ameiweka katikati, ameiviringisha kwa ile sare yenye doa, isigonge. Nilimwambia huko wanatumia za umeme. Akasema mkaa utapata, hakuna nchi isiyo na mkaa. Halafu akaniambia nikwambie wewe, na nisisahau: likitokea lolote huko, waandike ni yeye.

Mkeo,
Fundi